UZI: Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani. Ilivyojengwa, inavyobomoka, na kwa nini simenti haifai

MwanaKusi

Wakuu, salaam. Kila zinapowekwa picha za Kilwa Kisiwani humu ndani maswali ni yaleyale: nani alijenga, mbona imebomoka hivyo, kwa nini serikali isipige simenti kazi ikaisha. Majibu yametawanyika kwenye nyuzi kumi tofauti. Tuweke yote hapa, tena tuishike Husuni Kubwa, gofu la kasri la sultani, peke yake, kwa sababu ndilo jengo ambalo watu wengi hulipita haraka wakishachoka kuzunguka Msikiti Mkuu.

Kisiwa kiko Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, mkabala na mji wa Kilwa Masoko. Katikati kuna mkondo wa maji wa kilomita 2 hivi. Gereza (ngome ya zamani), Msikiti Mkuu na Makutani (kasri jingine) viko pembe ya kaskazini-magharibi ya kisiwa. Husuni Kubwa iko peke yake, kilomita 1.5 hadi 2 mashariki ya Gereza, juu ya genge linaloangalia bahari ya kaskazini.

Aliyeijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, wa ukoo wa Mahdali, kati ya mwaka 1310 na 1333 hivi. Ndiye aliyempokea Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331. Dhahabu ya Sofala (bandari ya kusini, Msumbiji ya leo) ilikuwa ikipita mikononi mwa Kilwa, na sarafu za shaba zilipigwa hapahapa kisiwani. Moja yenye jina la sultani huyu iliokotwa Great Zimbabwe, ndani kabisa ya bara. Ukiyajua hayo hutashangaa fedha ya jengo kubwa namna hii ilitoka wapi.

Jengo limegawanyika sehemu mbili, na mgeni asipoelezwa mapema ataona kuta tu. Kusini kuna uwanja mpana uliozungukwa na vyumba pande zote. Huo unadhaniwa kuwa upande wa biashara: mizigo iliwekwa humo, na wenye mizigo pia. Kaskazini, kuelekea bahari, ndiko kasri lenyewe: ua wenye ngazi pana za kukalia watu waliokuja barazani kwa sultani, ua wa makazi ya ndani, bwawa la kuogea lenye pande nane, na ngazi za kushuka kwenye genge hadi ufukweni. Vyumba vyote kwa pamoja vinazidi 100.

Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba hapo miaka ya 1960, aliona kwamba baadhi ya sehemu hazikumalizika na kwamba kasri lilikaliwa muda mfupi tu. Kwa hiyo sehemu nyingine unazoziona hazina kitu hazikubomoka. Hazikujengwa.

Wenye ujuzi wa chokaa, mawe na mikoko karibuni. Tuongee kwa vipimo.

---

Kidaka

Uzi mzuri mkuu. Niongeze moja ambalo wengi hukosea: Husuni Kubwa si ngome. Jina linaashiria ngome, na watalii huambiwa hivyo, lakini ukitazama mpangilio hakuna kinachoonyesha watu waliotarajia kuzingirwa. Ngazi zinashuka moja kwa moja baharini. Ua za kasri ziko wazi kupokea upepo. Ni nyumba ya mfalme mfanyabiashara iliyoelekezwa kwenye vyombo vinavyoingia.

Anayetaka kuona kitu kinachofanana na ngome avuke korongo dogo upande wa mashariki aende Husuni Ndogo: boma la mstatili, kuta nene, minara kwenye pembe na katikati ya kuta. Ndani yake hakuna majengo ya maana, ndiyo maana wataalamu hawajakubaliana lilikuwa la kazi gani.

Halafu Gereza lisichanganywe na hizi mbili. Hilo ni la baadaye kabisa. Wareno wa Francisco de Almeida waliutwaa mji Julai 1505, wakajenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Jengo linaloonekana leo sehemu kubwa ni la Waomani, la mwanzoni mwa karne ya 19, juu ya mabaki ya ngome ya Wareno. Kati yake na Husuni Kubwa ni karibu miaka 500.

---

BintiMafia

Nina swali kwa wanaojua. Ibn Battuta katika nakala zilizozoeleka anasema Kilwa ni mji mzuri sana na umejengwa kwa mbao. Alikuwa mgeni wa sultani mwaka 1331, kasri la mawe likiwa limesimama au linajengwa. Sasa mbao zinatoka wapi?

---

Kidaka

Dada BintiMafia, kwanza wanakili wa Kiarabu hawakubaliani juu ya sentensi hiyo. Wapo wanaoisoma kuwa anasifia ubora wa ujenzi tu. Pili, hata ukiichukua ilivyo haigongani na magofu. Mji wa pwani wakati huo ulikuwa na msikiti wa mawe, nyumba chache za mawe za wakubwa, na nyumba nyingi za miti na udongo zilizoezekwa kwa makuti. Hizo za miti hazikuacha kuta za kupigwa picha, zimebaki kama tabaka za udongo mwekundu na mashimo ya nguzo ambayo mchimbaji huyaona na mgeni huyapita. Tukihesabu mji kwa kuta zilizosimama tu tunawafuta wakazi wengi wa Kilwa.

---

FundiChokaa

Wakuu, nimeusubiri uzi huu. Tuanze na mawe, maana bila kuyajua mawe hutaelewa kwa nini simenti ni sumu.

Kuna mawe ya aina mbili. La kwanza ni jiwe la mwamba wa nchi kavu, yaani tumbawe la kale lililogeuka mwamba. Ni gumu, lina matundu, halikubali kuchongwa kwa ufundi. Hilo ndilo limejaza kuta. La pili ni tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bichi. Likiwa na maji hukatika kwa tezo na msumeno, likikauka hukaza. Hilo ndilo lilitumika kwenye miimo ya milango, mawe ya matao, vidaka (vishubaka vya ukutani), na mapambo yaliyochongwa. Ukigusa mwimo wa mlango Husuni Kubwa utaona vitundu vidogo vimepangika sawasawa, ukubwa wa kichwa cha pini. Ukuta wa pembeni matundu yake hayana mpango, na hapa na pale kuna umbo la kombe. Hapo umeshatofautisha mawe mawili bila kuuliza mtu.

Ukuta wenyewe si jiwe juu ya jiwe tangu ndani hadi nje. Una nyuso mbili zilizopangwa vizuri, na katikati kuna kifusi cha mawe madogo yaliyomwagiwa chokaa. Unene ni nusu mita hivi, mahali pengine zaidi. Uso wa nje ulipakwa lipu ya chokaa. Lipu haikuwa urembo tu, ilikuwa ngozi ya kuzuia mvua.

Kuharibika kunaanzia juu. Paa likishaanguka, kichwa cha ukuta kinabaki wazi. Mvua ya masika inaingia katikati kwenye kifusi, inayeyusha chokaa kidogo kidogo na kuishusha chini, na ndani kunabaki mapango. Kwa nje ukuta unaonekana mzima. Baadaye uso mmoja unaachana na kifusi, ukuta unatoa tumbo, na siku moja upande mzima unamwagika. Watu husema umeanguka ghafla. Umeanza kuanguka miaka thelathini nyuma.

Kwa hiyo ukienda na fedha kidogo ya ukarabati, usianze na lipu ya chini inayoonekana kwenye picha. Anza na kichwa cha ukuta.

---

Mhandisi_Pwani

Naunga mkono. Niseme kuhusu paa, kwa sababu lina uhusiano na upana wa vyumba.

Pima vyumba vya kawaida vya magofu ya pwani, Kilwa au kisiwa jirani cha Songo Mnara: ni virefu lakini vyembamba, upana kwenye mita 2.5 hadi 3. Kisa ni boriti. Mti wa mkoko unaofaa kubeba dari la mawe haukupi urefu salama zaidi ya hapo. Boriti zilipangwa kwa ukaribu, juu yake mawe bapa, juu yake zege la chokaa na kokoto za matumbawe likapigiliwa kwa magongo siku kadhaa mpaka likashikamana. Unene wa dari ulifika sentimita 30 na zaidi. Mita moja ya mraba ya dari hilo ina uzito wa nusu tani au zaidi.

Boriti ikioza au ikiliwa na mchwa pale inapoingia ukutani, dari halishuki kwa heshima. Linaanguka lote na kuchomoa mawe ya juu ya ukuta. Ndiyo maana vyumba vingi vimejaa kifusi hadi kiuno. Kile kifusi si uchafu, ni dari. Anayekiondoa ovyo anatupa ushahidi wa jengo na pia anaondoa egemeo la kuta za pembeni.

Husuni Kubwa ilifanya jambo la kijasiri zaidi. Sehemu za kasri ziliezekwa kwa kuba na madari ya mviringo, bila boriti kabisa: unatengeneza kalibu ya mbao, unajaza mawe na chokaa juu yake, unangoja chokaa ikaze, unatoa kalibu. Kuba hailiwi na mchwa, lakini inasukuma kuta kwenda nje. Ukuta wa pembeni ukilegea kidogo tu, kuba inafunguka utosini. Upanuzi wa Msikiti Mkuu uliofanywa enzi za sultani huyuhuyu ulianguka na kujengwa upya karne ya 15, wakati wa Sulaiman bin Muhammad. Kwa hiyo hata waliojenga walilipa ada ya kujifunza.

---

Mtaka_Kujua

Wakuu samahani, mimi si fundi. Kwa nini isipigwe simenti safi juu ya hizo kuta ili maji yasiingie? Si ndiyo inayojenga maghorofa?

---

FundiChokaa

Swali halali mkuu, na limeua magofu mengi.

Jiwe la tumbawe na chokaa vinapumua: maji yakiingia yanatoka kwa kukauka kupitia usoni. Hapo pwani maji hayo yana chumvi. Ukipaka simenti, uso unazibwa. Maji bado yanapanda kutoka ardhini na yanaingia kwa juu kwenye ufa wowote, lakini hayana pa kutokea isipokuwa kwenye jiwe lenyewe, pembeni ya kiraka chako. Yanapokauka yanaacha chumvi ndani ya vitundu vya jiwe. Chumvi ikigeuka fuwele inatanuka na kulisaga jiwe kuwa unga. Baada ya misimu michache kiraka cha simenti kiko imara kabisa, kimesimama mbele kama rafu, na jiwe lililokizunguka limeliwa.

Pili ni ugumu. Kuta hizi zinacheza kidogo kwa joto la mchana na baridi ya usiku. Udongo wa chokaa, namaanisha mchanganyiko wa kujengea, ukipasuka unapasuka nyufa ndogondogo na sehemu ya ufa hujiziba. Simenti haikubali kucheza, basi kinachopasuka ni jiwe. Udongo wa kujengea lazima uwe dhaifu kuliko jiwe. Hii kanuni haina msamaha.

Tatu, simenti huwezi kuitoa baadaye bila kung'oa uso wa jiwe la karne ya 14. Chokaa ikikosewa unaikwangua.

---

MwanaKusi

Fundi, tupe basi namna ya kutengeneza hiyo chokaa tangu mwanzo. Wengi wanaijua ya mfuko tu.

---

FundiChokaa

Sawa. Nitaeleza ya tanuu la kienyeji kisha niseme ya kununua.

Tanuu la pwani si shimo, ni rundo. Magogo yanapangwa duara, kichwa kikielekea katikati, tabaka juu ya tabaka, na katikati unaacha tundu la kushushia moto. Mawe yaliyopondwa ukubwa wa ngumi yanapangwa juu. Jiwe kubwa kuliko hapo linaiva nje na kubaki bichi moyoni. Kuni zikiwa kavu zote moto unakimbia na kuzimika kabla mawe hayajaiva, kwa hiyo kavu huchanganywa na mbichi. Moto unashushwa katikati ili rundo liporomoke kwa ndani, mawe yasitawanyike nje. Joto linatakiwa lifike nyuzi 900 za Selsiasi hivi na likae hapo kwa saa nyingi.

Jiwe lililoiva linapoteza karibu asilimia 44 ya uzito. Kilo 100 za jiwe safi zinabaki kama 56. Ukilishika ni jepesi na likigongwa linalia tofauti. Likibaki zito, ni bichi.

Kisha kulizimua. Jaza pipa maji baridi *yasiyo na chumvi*, kisha tia mawe ya chokaa kidogo kidogo. Usifanye kinyume. Ukimwaga maji machache juu ya rundo la chokaa kavu linachemka na kuruka, na tone moja jichoni linaweza kumtia mtu upofu. Miwani ya kazi, glavu za mpira, na ndoo ya maji safi karibu. Koroga hadi iwe uji mzito, chuja kwa wavu wa milimita 3, funika kwa maji kidogo juu yake na uache miezi mitatu au zaidi. Wasiongoja hupata vijipele: punje ambazo hazikuzimuka vizuri zinazimuka baadaye ndani ya lipu na kuirusha vipandevipande.

Mchanganyiko: chokaa ya uji kipimo 1, mchanga vipimo 3 kwa kujengea na kuziba viungo, lipu ya mwisho unaweza kushuka hadi 1 kwa 2. Mchanga wenye punje za ukubwa mbalimbali, wa mtoni au wa shimoni, uliooshwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Ukiutumia umepanda ugonjwa ndani ya dawa.

Chokaa ya mfuko inafaa ikiwa mpya na haijalowa. Iliyokaa dukani mwaka mzima imeshavuta hewa na kurudi kuwa unga wa jiwe, haitashika. Iloweke siku moja au zaidi kabla ya kuitumia.

Jambo la mwisho ambalo mafundi wa simenti hulisahau: lowesha ukuta kabla ya kupaka. Jiwe kavu linanyonya maji yote na lipu inabaki vumbi. Kila tabaka lisizidi sentimita 1. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa wiki nzima, nyunyizia asubuhi na jioni. Chokaa inakaza kwa kuvuta hewa ya ukaa, nayo inaingia polepole, milimita moja hivi kwa mwezi, na inahitaji unyevu ili iingie. Ikikaushwa na jua siku ya kwanza imekufa.

---

BintiMafia

Ahsante Fundi. Niongeze upande wa sheria kabla mtu hajaenda kuvunja mawe: kukata matumbawe hai baharini ni marufuku, na mikoko ni hifadhi ya misitu, hukati boriti bila kibali. Kwa ukarabati yanatumika mawe yaliyoanguka palepale na mwamba wa nchi kavu. Na jiwe lililoanguka lenye umbo (la tao, la kidaka, lenye nakshi) halijazwi ukutani. Linaandikwa lilipolala, linapigwa picha, linahifadhiwa. Huko nyuma maandishi yaliyochongwa yenye jina la sultani yalipatikana Husuni Kubwa, na bila jiwe kama hilo tungekuwa bado tunabishana jengo ni la nani.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba au kuondoa kitu bila leseni. Kigae cha Kichina ulichokikanyaga njiani kiache hapohapo. Mahali kilipo ndipo penye habari. Mfukoni mwako ni kigae tu.

---

Mhandisi_Pwani

Vipi kuhusu miti? Nimeona picha watu wanang'oa mti kutoka ukutani kwa kamba wakishangilia.

---

FundiChokaa

Hilo ni kosa kubwa mkuu. Mzizi umeshaingia kwenye kifusi cha katikati, na mahali pengine ndio unaoshikilia mawe. Ukiuvuta unatoka na ukuta.

Mche mdogo ambao haujawa mti (unene wa kalamu) ng'oa kwa mkono baada ya mvua, ukuta ukiwa na unyevu. Uliokwisha kukomaa kata usawa wa ukuta kwa msumeno, si kwa panga, maana panga linatikisa. Kisha paka dawa ya kuua kisiki kwenye jeraha saa hiyohiyo, kwa brashi, usinyunyizie. Acha mzizi ufe, ukauke na usinyae. Msimu unaofuata unatoa vipande vilivyolegea na kujaza tundu kwa chokaa nyepesi.

Kujaza nako kuna utaratibu. Ziba nyufa za uso kwanza ukiacha vitundu vya kumiminia na vya kutolea hewa. Miminia maji safi ili ukuta unywe. Anza tundu la chini, panda juu. Usizidi nusu mita kwa siku, kwa sababu uji wa chokaa ni mzito na unasukuma nyuso mbili zitengane. Unaweza kuangusha ukuta ulioutaka upone. Kama una tumbo, uegemeze kwa mbao kabla hujagusa chochote.

Kichwa cha ukuta: ondoa mawe yaliyolegea, yapange tena kwa chokaa, mwisho tengeneza mgongo wenye mteremko ili maji yaende pembeni. Usiache bapa. Ukague kila mwaka baada ya masika.

---

NahodhaWaMasoko

Nawasoma wakuu. Niweke ya safari, maana mtu akifika saa mbaya hataiona Husuni.

Kutoka Dar ni kilomita 300 na kitu kwa barabara ya kusini. Mabasi ya Kilwa huondokea Mbagala Rangi Tatu. Ukifika Nangurukuru unaacha barabara kuu na kuingia Masoko. Epuka masika. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara hii eneo la Somanga na watu wakakwama pande zote.

Masoko unaanzia ofisini, unapata kibali na mwongozaji kabla ya kwenda bandarini. Eneo la kihistoria liko chini ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania). Nauli ya chombo kubaliana kabla ya kupanda, mwambie nahodha wazi kama unataka Gereza peke yake au na Husuni.

Sasa maji. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanakupwa kabisa kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Tofauti ya kupwa na kujaa inazidi mita 3. Ukitaka kushushwa chini ya genge la Husuni asubuhi ya bamvua, chombo kitakaa kwenye tope na mikoko na wewe utatembea humo. Siku za maji mafu (katikati ya bamvua mbili) mambo yanageuka, maji yanakuwa yamejaa asubuhi, japo si sana. Kila siku nyakati zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi, piga hesabu kutoka hapo.

Wengi hushuka Gereza na kwenda Husuni kwa miguu, kisha mtu anarudi kwa njia hiyohiyo. Hiyo inataka maji ya kunywa ya kutosha, kofia, na viatu vyenye soli nene. Mwamba wa tumbawe unakata kandambili. Msimu wa kusi upepo huchachamaa mchana, basi vuka asubuhi. Na kijiji kina watu, magofu yamo katikati ya makazi na mashamba yao, hivyo kuwa na nguo ya heshima na kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha ni lazima.

---

Mtaka_Kujua

Ahsanteni sana wakuu, nimeelewa hoja ya simenti. Moja la mwisho: kama hali ni mbaya hivi, mbona UNESCO ililitoa eneo kwenye orodha ya hatari?

---

MwanaKusi

Tarehe ni hizi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, zikatolewa 2014 baada ya kazi ya miaka kadhaa: kuta ziliegemezwa, vichwa vya kuta vikafungwa, mafundi wa kisiwani wakafunzwa chokaa, na ufukweni kwenye Gereza kukawekwa vikapu vya waya vilivyojaa mawe pamoja na mikoko iliyopandwa kuvunja nguvu ya mawimbi.

Kutolewa kwenye orodha maana yake hatari ya wakati ule ilidhibitiwa. Chokaa ni matunzo ya kila mwaka. Wajenzi wenyewe walipaka upya majengo yao maisha yao yote; jengo lilikufa walipoacha kupaka. Mimi naamini pale Husuni Kubwa panahitaji mafundi wawili wa kudumu wenye pipa la chokaa lililozimuliwa tayari kuliko mradi mkubwa kila baada ya miaka kumi.

---

Mhandisi_Pwani

Kwa walio karibu na wanaotaka kusaidia bila kugusa jengo: ripoti zenye vipimo zinasaidia sana. Piga picha ya ukuta uleule kutoka sehemu ileile, kabla na baada ya masika, ukiweka rula au kijiti chenye alama za sentimita. Piga ya mbele, halafu ya pembeni kwa usawa wa ukuta, maana tumbo halionekani kwa mbele. Ufa ukiuona, pima upana wake sehemu tatu: juu, katikati, chini. Ulio mpana juu kuliko chini mara nyingi unaonyesha ukuta unaachana kwenda pembeni. Ulio mpana chini, tazama msingi, hasa Husuni Kubwa upande wa genge ambako mvua inakula udongo chini ya kuta.

Wenye kibali hubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta ya jasi na kuandika tarehe. Kioo kikivunjika, ukuta unatembea. Kikibaki kizima mwaka mzima, ufa ni wa zamani na fedha iende kwingine.

Peleka picha ofisi ya Masoko zikiwa na tarehe na mchoro mdogo wa mahali. "Ukuta wa kasri umepasuka" haimsaidii mtu. "Ua wa bwawa, ukuta wa mashariki, mita 2 kutoka pembe ya kaskazini, ufa wa milimita 14 juu na 6 chini" inatosha fundi kubeba vifaa sahihi kwenye chombo.

---

FundiChokaa

Na aandike pia kama kuna unga mweupe chini ya ufa. Ukiwa mkavu na una ladha ya chumvi, tatizo ni unyevu unaopanda. Ukiwa mchanga laini usio na ladha, ni kifusi cha ndani kinachovuja, na huo ukuta uegemezwe kabla ya mvua ijayo.